Unaanza kusoma historia ya Calabar? Anza na deni

Kila mwaka napata wanafunzi wawili watatu wanaochagua Afrika Magharibi, na mmoja wao huangukia kwa Waefik, wafanyabiashara wa bandari ya Old Calabar. Swali lake la kwanza halibadiliki: mfalme wao alikuwa nani? Nalielewa. Sisi tumekua na sultani wa Kilwa na sultani wa Zanzibar, tukadhani kila bandari ina kiti kimoja. Ukienda na swali hilo Calabar utapoteza miezi.

Old Calabar ilikuwa miji kadhaa kando ya Mto Cross, karibu na bahari, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo. Kulikuwa na Creek Town, Old Town ambayo wenyewe huiita Obutong, Duke Town au Atakpa, Henshaw Town na mingineyo. Kila mji ulikuwa na nyumba zake kubwa, yaani ukoo pamoja na wafuasi, mitumbwi na watumwa wake, na nyumba hizo zilishindana vikali. Cheo cha mkuu ni Obong. Huo ufalme na udyuki (cheo cha duke) unaoukuta kwenye maandishi ya Wazungu ulitokana kwa sehemu kubwa na haja ya nahodha kumjua wa kumlipa ushuru kabla ya kufungua biashara.

Kwa hiyo nasema hivi: fuata deni. Anayefanya biashara Kariakoo au Kongowea anajua mali kauli, kwamba unachukua mzigo leo, unauza, ndipo unalipa. Biashara yote ya Calabar ilisimama juu ya jambo hilo. Meli kutoka Bristol, na baadaye Liverpool, zilitia nanga mtoni na kukaa kwa miezi. Hapakuwa na ngome ya Wazungu nchi kavu kama ile ya Elmina, Ghana ya leo. Nahodha alishusha vitambaa, bunduki, vyuma na fimbo za shaba zilizotumika kama fedha, akawakabidhi wafanyabiashara wa Kiefik. Wao walipanda mto kwa mitumbwi hadi masoko ya bara, wakarudi na watu wa kuuzwa, wengi wao Waigbo na Waibibio.

Nahodha alimwaminije mtu anayetokomea mtoni na mali yake? Kwanza kwa rehani, na rehani yenyewe ilikuwa mtu. Mfanyabiashara aliacha melini ndugu, pengine mwanawe. Deni lisipolipwa, meli iliweza kung'oa nanga na kuondoka naye. Pili ni Ekpe, na hapa nakuomba ukae sana, usipite mbio. Ekpe maana yake chui. Ni chama cha wanaume chenye ngazi, kila ngazi inalipiwa, nacho kina alama zake za siri ziitwazo nsibidi. Mdaiwa akikaidi, Ekpe ilimpiga marufuku na hakuna aliyethubutu kufanya naye biashara. Nahodha mkorofi naye aliweza kufungiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana hata Wazungu kadhaa walilipa ada wakaingia. Miji isiyo na mfalme mmoja ilikuwa na mahakama moja, na mahakama hiyo ilikuwa ya wakopeshaji na wakopaji.

Jambo linalowaangusha wageni wengi ni majina. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika sura nzima nikidhani Duke Ephraim na Efiom Edem ni mahasimu wawili. Ni mtu mmoja. Waefik walikuwa na jina la nyumbani na jina la biashara: Eyo Nsa ndiye Willy Honesty, Ntiero ndiye Antera Duke. Tena jina hurithiwa, kwa hiyo Duke Ephraim aliyefariki 1786 si yule mkubwa aliyefariki 1834. Fungua daftari lenye safu tatu, jina la Kiefik, jina la biashara na miaka, na ulijaze tangu siku ya kwanza. Mimi ilinibidi niifute ile sura yote.

Ukishakuwa na daftari hilo, nenda kwenye shajara ya Antera Duke. Inahusu miaka ya 1785 hadi 1788, naye aliiandika mwenyewe kwa Kiingereza cha bandarini. Nakala yake ya asili ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili, tumebaki na sehemu zilizokuwa zimenakiliwa. Siku nyingi zinaanza namna moja: saa kumi na mbili asubuhi, yuko gatini, Aqua Landing, anaeleza hali ya hewa, kisha nani kaja, nani anadaiwa, meli gani imeondoka na watumwa wangapi. Soma polepole ufike tarehe 6 Novemba 1786, kwenye maziko ya huyo Duke Ephraim wa kwanza. Anaandika kwamba walianza alfajiri kukata vichwa vya watumwa, vichwa 50 kwa siku moja. Palepale anataja makasha ya brandi aliyobeba, chakula, na ngoma katika kila ua. Mkono ulioandika hesabu ya brandi ndio ulioandika hesabu ya watu. Usiruke ukurasa huo kwa sababu unaumiza, wala usiunukuu ili kuwatisha wasomaji wako. Jiulize wale 50 walikuwa nani.

Soma na mauaji ya 1767. Manahodha wa Kiingereza waliwaita watu wa Old Town melini kwa ahadi ya kuwapatanisha na Duke Town, kisha wakawashambulia, na Duke Town ilikuwa ndani ya njama. Mamia waliuawa. Wawili wa nyumba ya Robin John ya Old Town, wenyewe wauzaji wa watumwa, waliuzwa Dominica, kisiwa cha Karibiani, wakapitia Virginia na Bristol, wakarudi kwao 1774. Ukiandika kisa hiki kama Wazungu dhidi ya Waafrika, ushindani wa nyumba kwa nyumba utakuponyoka.

Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa 1807, mawese yalishika nafasi. Mali kauli iliendelea, na watumwa sasa walibakizwa kwenye mashamba ya Waefik. Wamisionari wa Kipresbiteri walifika 1846, na Eyo Honesty II wa Creek Town alikuwa akiwatafsiria mahubiri mwenyewe. Mkataba wa kuwekwa chini ya Uingereza ulikuja 1884. Hayo yameandikwa sana, utayapata bila shida.

Kilichoandikwa kidogo ni watumwa wa mashambani huko Akpabuyo. Februari 1850 Ekpe ilitunga sheria ya kukataza kuua watumwa kwenye maziko. Watumwa hawakungoja kuona kama itafuatwa. Kati ya 1850 na 1851 walikula kiapo cha damu, wakaitwa Watu wa Damu, na alipofariki mkubwa waliingia Duke Town kwa wingi kuhakikisha hakuna anayeuawa. Kwenye daftari langu safu zao za majina bado ni tupu. Kama hujachagua mada, chukua hiyo.