Mwanangu Hakuwa Amenenepa

Juma lililopita msomaji mmoja wa Longido aliniuliza apake dawa gani kwenye miguu ya mtoto wake, iliyovimba tangu mbuzi wao walipoacha kutoa maziwa kwa ukame. Nilimpigia usiku uleule nikamsihi asipake kitu, bali alfajiri ampeleke kituo cha afya.

Mwaka 2009, ukame ulipomaliza ng'ombe wa Longido na Monduli, niliishi Monduli kwa wakwe zangu. Maziwa yalikatika, maharage yakapanda bei, na kwa miezi kadhaa mwanangu wa kwanza alikunywa uji wa mahindi mtupu asubuhi na jioni. Mashavu yalijaa, miguu ikanona, nami nikawa nambeba sokoni kwa fahari, nikiwasikitikia akina mama ambao watoto wao walikuwa wamekonda. Hata nywele zake zilipogeuka nyekundu na kunyonyoka, nilisema ni jua na vumbi. Muuguzi mmoja alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki, kisha akaniuliza mbele ya foleni nzima iwapo nyumbani kwetu kuna mtu mzima. Nimesamehe mengi maishani, hilo bado.

Ilikuwa kwashakoo, utapiamlo mkali unaovimbisha mwili. Unono nilioringia ulikuwa maji yaliyotuama chini ya ngozi, kwa sababu tumbo lilishiba huku mwili ukikosa lishe. Kinga ilikuwa imeshuka, na kuhara kulikotokana na maji ya lambo kulikuwa kunamaliza kidogo kilichobaki. Wodini walimpa maziwa tiba kwa vipimo vidogo, usiku na mchana, kwa kuwa mwili uliodhoofika kiasi kile ukijazwa chakula kwa ghafla, moyo unaweza kushindwa. Mimi nililia nikidhani wanambania.

Basi, mama mwenzangu, usipime afya ya mtoto kwa mashavu. Utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huo ni utapiamlo mkali. Lakini mtoto aliyevimba anaweza kuupita utepe huo, kwa hiyo bonyeza miguu yote miwili uone kama shimo linabaki. Changanya kwenye uji dagaa, maharage au karanga, hata kiganja kimoja. Uji mtupu haumtoshi mtoto. Nasema tena, haumtoshi. Nanyi wa Arusha mjini mnaodhani ukame ni habari ya wafugaji, ulizeni bei ya maharage Ngaramtoni masika yanapokosekana.

Jana yule msomaji ameniandikia kwamba wamelazwa, na mtoto amekunywa maziwa ya saa tisa usiku bila kutapika.