Gari la umeme limepaki tu na chaji inashuka: mtafute kupe kwanza ndo upige simu

Niliacha gari likiwa na asilimia 80, nikasafiri siku 9, narudi nakuta 51. Hakuna aliyeligusa, funguo nilikuwa nazo mwenyewe, kilomita kwenye dashibodi ni zilezile. Mtu akikwambia gari la petroli limepaki na tenki limepungua theluthi utamwambia ameibiwa, ila hili la umeme ukimpigia wakala anakujibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba hiyo ni kawaida, mzee, magari ya umeme ndo yalivyo.

Sikukubali, lakini pia sikuwa na cha kumjibu, na hapo ndo wengi tunakwama. Tunapiga simu na hasira bila namba, na mtu wa huduma kwa wateja akisikia hasira bila namba kazi yake inakuwa nyepesi sana. Kwa hiyo kabla ya kusema habari za kampuni niwaambie nilivyokaa nikapiga hesabu, maana hesabu ndo ilinifungua macho.

Betri yangu kubwa ni ya kilowati-saa 64. Asilimia 29 ya hiyo ni kama kilowati-saa 18 na nusu, gawa kwa siku 9, gawa tena kwa masaa 24, unapata kama wati 86. Yaani kuna kitu ndani ya gari lililofungwa kilikuwa kinakula wati 86 usiku na mchana, ni kama ile balbu ya zamani inayotoa joto umeiacha inawaka siku 9. Betri za lithiamu zenyewe zikiachwa tu hupoteza kidogo sana, asilimia chache kwa mwezi mzima, kwa hiyo hapa hatuzungumzii betri kuvuja, tunazungumzia kupe. Kuna kitu kimeng'ang'ania kinanyonya.

Sasa kupe huyu ni nani. Gari la umeme likizimwa halizimiki kama feni, linasinzia. Kompyuta zake zinatakiwa zilale moja moja hadi ibaki ile ndogo ya kusikiliza ufunguo na simu yako. Shida ni kwamba kuna vitu vingi vinavyoliamsha: kamera za ulinzi, kupoza au kupasha joto ndani kabla hujaingia, betri kujipoza yenyewe kukiwa na joto kali, ufunguo uliouweka karibu na gari (ule wa kugusa tu mlango, ukiutundika ukutani mita mbili kutoka gari linapolala, gari linaweza kukesha likidhani unakuja), na anayejificha kuliko wote, apu za simu. Kila ukifungua apu kuangalia chaji imebaki ngapi unaliamsha gari, na gari likiamka halirudi kulala dakika hiyohiyo. Kwa hiyo yule mwenye wasiwasi anayechungulia kila nusu saa ndo anayejimalizia chaji. Mi nilikuwa mmoja wao, sina aibu.

Nilichofanya ni daftari. Kila jaribio siku mbili au tatu, naandika asilimia mwanzo na mwisho tu, katikati sifungui apu hata kwa dawa, na nachukua namba saa ileile ya siku ili baridi isinidanganye (betri ikipoa inaonyesha chaji pungufu halafu ikipata joto kidogo inarudi, kuna watu wamelalamikia chaji ambayo wala haikupotea). Jaribio la kwanza, kamera za ulinzi zimewashwa: asilimia 19 zimekwenda kwa siku mbili. Hiyo ni kama wati 250 bila kupumzika. La pili, kamera zimezimwa ila apu zote zipo: asilimia 6. La tatu, nimefuta ile apu ya kampuni nyingine niliyoiweka ili inirekodie safari zangu na michoro mizuri mizuri, nikabadilisha na nenosiri la akaunti ili isibaki na ruhusa huko kwenye seva: siku tatu, asilimia 1.

Asilimia 1 kwa siku tatu! Kupe alikuwa ni mimi na apu yangu. Ilikuwa inauliza gari "uko wapi, una chaji ngapi" kila baada ya dakika chache, na gari kwa adabu linaamka kujibu. Kwa hiyo yule wakala aliposema gari ni zima alikuwa sahihi, ila hakuniuliza swali hata moja, na angeniuliza tu "una apu gani nyingine" tungemaliza kwa dakika tano.

Kuhusu hilo neno "kawaida", nenda kwenye kitabu cha gari lako ukatafute namba. Tesla kwa mfano wameandika kwenye mwongozo wao kwamba gari likiwa limekaa bila kuchomekwa tegemea kupoteza kama asilimia 1 kwa siku, na ile Sentry Mode yao ya kamera inajizima yenyewe betri ikishuka hadi 20. Ukiwa na namba kama hiyo mazungumzo yanabadilika, maana sasa hulalamiki "inaisha haraka", unamwambia kitabu chenu kinasema moja, mi napata tatu, na kamera zimezimwa, haya tuanzie hapo. Kama kitabu hakina namba, waulize kwa maandishi kawaida yenyewe ni ngapi. Jibu la simu linapeperuka.

Sasa sehemu ya pili ambayo ndo hasa imenifanya niandike. Gari la umeme lina betri mbili. Wengi wanajua ile kubwa tu. Kuna ndogo ya volti 12, mara nyingi ya risasi na asidi kama ya gari lolote, na hiyo ndo inayoendesha kufuli, taa, kompyuta, na zile swichi kubwa zinazounganisha betri kubwa na gari. Ikifa ndogo, swichi hazishikani, na unaweza kuwa na asilimia 90 kwenye betri kubwa na gari likawa jiwe. Betri kubwa inatakiwa kuichaji ndogo kila inapopungua, hata gari likiwa limelala, na kila inapofanya hivyo inabidi gari liamke kwanza.

Mwaka na kitu baada ya ile habari ya apu nikaona daftari limeanza kubadilika. Ile asilimia 1 kwa siku tatu ikawa 1 kwa siku, halafu 2 kwa siku, na sikuwa nimeongeza kitu chochote. Nikapiga simu, nikaambiwa nini? Kawaida. Fanya sasisho la programu. Nikafanya, hakuna kilichobadilika. Sikusumbuka sana maana 2 sio nyingi, nikaacha.

Usiku mmoja nikatoka na mabegi mawili, navuta mkono wa mlango, kimya. Mikono ya gari langu inajitokeza yenyewe kwa umeme, sasa hakuna umeme, ubapa mtupu hakuna hata pa kushika. Simu inasema gari halipatikani. Nikakumbuka kuna ufunguo wa chuma ndani ya remoti, nikauchomoa, halafu nikaanza kutafuta tundu lake gizani kwa tochi ya simu maana wamelificha chini ya kifuniko cha plastiki ambacho unatakiwa ukibandue kwa ncha ya huohuo ufunguo, na mi naogopa kukwaruza rangi. Dakika ishirini. Mlango ukafunguka, boneti nikaivuta kwa waya, nikapima betri ndogo: volti 9 na pointi. Betri ya risasi iliyoshiba na kupumzika inasoma kama 12.6 hivi, ikifika 12.0 ujue iko hoi, 9 ni maiti. Nikaazima kibusta kidogo cha mkononi, nikabusti, taa zote zikawaka, dashibodi ikanionyesha betri kubwa ina 73. Asilimia 73 na nilikuwa nimefungiwa nje!

Kilichokuwa kinatokea ni hiki: betri ndogo ilishachoka, haishiki chaji, kwa hiyo gari lilikuwa linaamka mara kwa mara kuichaji, inakubali, inamwaga, linaamka tena. Ule upungufu wa 2 kwa siku ndo ulikuwa onyo lenyewe na lilikuwa kwenye daftari langu kwa wiki sita. Betri kubwa ikianza kushuka zaidi ya ilivyozoea na hujabadilisha kitu, usiitazame kubwa, katazame ndogo. Siku hizi nimefunga kile kidude cha blututhi kwenye betri ndogo, kinachora mstari wa volti kwenye simu bila kuliamsha gari, na ukiona mstari unashuka na kupanda kama msumeno kila baada ya muda mfupi umeshapata jibu kabla hujafungiwa nje.

Na makampuni haya sio kwamba hayajui. Ford walipotoa Mustang Mach-E, zile zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa Februari 2021 zilikuwa na kituko cha aina yake: ukichomeka gari kwenye chaja, kompyuta fulani inalala na kuisahau betri ndogo, kwa hiyo betri kubwa inajaa na ndogo inakufa palepale kwenye waya. Na betri ndogo yenyewe iko chini ya boneti inayofunguka kwa umeme. Waliweka nyaya mbili nyuma ya kifuniko kwenye bampa la mbele ili uweze kuipa umeme boneti ifunguke, na kwa kosa lenyewe wakatoa marekebisho ya programu. Hyundai na Kia nao, Machi 2024 waliita magari kama 147,000 huko Marekani yarudi kurekebishwa, zikiwemo Ioniq 5 na EV6, kwa sababu kile kifaa kinachochaji betri ndogo kinaweza kuharibika hadi gari likapoteza nguvu barabarani, na Novemba ya mwaka huohuo wakayaita tena, safari hii zaidi ya 200,000. Mara ya pili! Kwa hiyo ukiambiwa umeshafanyiwa marekebisho, uliza ni ya mwezi gani.

Ila mfano ninaoupenda ni wa zamani, Tesla Roadster mwaka 2012. Ikatoka habari kwamba gari hilo likiachwa hadi betri iishe kabisa betri inakufa moja kwa moja na kubadilisha ni kama dola 40,000. Kampuni ikajibu kwamba betri zote zinahitaji matunzo, wateja waliambiwa wachomeke magari, na kwamba Roadster za mwanzo zikiachwa na nusu chaji zinachukua zaidi ya miezi miwili kuisha wakati Model S, gari lao lililokuwa linafuata, itachukua kama miezi 12. Uliona mtindo? Kwanza ni matumizi yako wewe, halafu gari lijalo halitakuwa hivyo. Ukishausikia mara moja utausikia kila mahali.

Kwa hiyo mi nilipoenda na ile betri ndogo iliyokufa sikwenda na hasira tena. Nilibeba daftari: tarehe, asilimia mwanzo na mwisho, joto la nje, toleo la programu, nini kilikuwa kimewashwa, na picha ya volti 9. Halafu nikauliza swali moja: kumbukumbu za gari zinaonyesha modula gani, yaani kompyuta ipi kati ya zile za ndani, ilikuwa inaliamsha, na mara ngapi kwa usiku? Yule kijana wa mapokezi akaangalia daftari, akamwita fundi. Fundi akachomeka kompyuta, hakubishana, betri ndogo ikabadilishwa kwa waranti siku hiyohiyo. Gari lilelile, wakala yuleyule aliyesema kawaida mara mbili.

Vitu vidogo viwili nisije nikasahau. Usitumie gari lako la umeme kumbusti mtu mwenye gari la petroli, vitabu vingi vinakataza kwa sababu ule mfumo wa kuchaji betri ndogo haukutengenezwa kumwaga umeme wa kuwasha injini, mwambie jirani pole. Na ukisafiri muda mrefu, angalia kitabu chako kinasema uache limechomekwa au la, na kama linaruhusu weka kikomo cha chaji katikati huko badala ya kulijaza mia.

Juzi nimerudi safari ya siku 12. Niliacha na 70, kamera zimezimwa, apu sijaigusa hata siku moja ingawa vidole vilikuwa vinawasha. Nimekuta 66, nimeandika kwenye daftari, mlango ukafunguka kwa mguso wa kwanza.