Maswali yenu: mafuta ya upako, Jumamosi kazini, wimbo wa taifa na mti wa babu

Haya jamani, nimekaa na simu tangu jana jioni nasoma mlichoandika, mengi ni yaleyale ya dini na sheria, na nimeona bora niyajibu kwa pamoja maana anayeuliza mmoja anaulizia kumi. Kwa wageni, mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha, sio wakili, kwa hiyo kama kesi yako imeshafika mahakamani tafuta wakili usitegemee hapa peke yake.

*"Dada habari. Nakaa Majengo, Moshi. Siku ile ya Februari 2020 nilisikia makelele nikiwa nyumbani, mpaka leo nikiona watu wamejaa kwenye maombi ya uwanjani moyo unanienda mbio. Si serikali ifunge tu haya makanisa kama Rwanda?" (Mama wa Majengo)*

Salama mama, na pole sana, wale watu 20 waliokufa wakikanyagana kwenye maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wengine walikuwa majirani zenu, hilo jambo halizoeleki. Na baada ya hapo 2023 tukaona Shakahola kule Kenya, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, watu wameambiwa wafunge mpaka wafe wakamuone Yesu. Kwa hiyo swali lako sio la mtu mwenye chuki na dini, ni swali la mtu aliyeguswa na msiba.

Ila Rwanda walichofanya tukitenganishe vizuri. 2018 walifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, na 2024 wakapita nchi nzima wakafunga zaidi ya 5,000, kwa sababu za majengo mabovu, vyoo, kelele, na pia sheria yao ya 2018 inataka viongozi wa dini wawe wamesoma theolojia chuoni. Mimi hapo nakata mara mbili. Choo, mlango wa dharura, idadi ya watu uwanjani, polisi wangapi wawepo, hayo serikali ina haki kabisa kuyadai, tena ningependa ingeyadai kabla ya ile Jumamosi ya Moshi na sio baada ya misiba. Lakini serikali ikianza kusema nani amesoma vya kutosha kuhubiri mimi naogopa, maana Petro alikuwa mvuvi, na sheikh wengi tunaowaheshimu huku walisoma kwenye baraza la mzee fulani hawana cheti cha chuo.

Katiba yetu ibara ya 19 imesema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Na bado Msajili wa Jumuiya anaweza kufuta usajili, tuliona Juni 2025 kanisa moja kubwa Dar limefungwa kwa mahubiri yaliyoonekana ya kisiasa, waumini wakakosa pa kusali mpaka Novemba lilipofunguliwa tena. Sasa jiulize mama, hapo nani alikuwa anaumia uwanjani? Hamna. Yalikuwa maneno. Kufunga kwa sababu watu watakufa na kufunga kwa sababu ya maneno ni vitu viwili, na sheria ikivichanganya, siku ukija msiba wa kweli hakuna atakayeamini sababu ya serikali.

*"Shikamoo. Mimi ni Msabato, nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Miaka mitatu walinipa Jumamosi yangu, meneja mpya amekuja anasema high season hakuna Jumamosi, nichague kazi au kanisa. Wanaweza?" (Kijana wa Njiro)*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usiandike barua ya kuacha kazi, narudia usiandike, maana ukishaacha mwenyewe umewarahisishia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini. Haisemi neno Sabato, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia kwa sababu mwajiri atasema mimi sijambagua, ratiba ni ya wote. Hii hoja imesikilizwa sehemu nyingi. Afrika Kusini 2018 Mahakama ya Rufani ya Kazi ilisikiliza ya dada Msabato aliyefukuzwa kwa kukataa kuhesabu stoku Jumamosi moja kwa mwezi, akashinda, kampuni ilishindwa kuonyesha kwamba bila yeye Jumamosi ile kazi isingeenda. Na Marekani Juni 2023 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu kabisa walikubaliana kwenye kesi ya mpeleka barua wa Pennsylvania aliyegoma kupeleka vifurushi Jumapili, wakasema mwajiri asilete sababu ndogondogo, aonyeshe gharama kubwa kweli kwa biashara yake. Hawakumpa ushindi moja kwa moja, walirudisha kesi chini ikasikilizwe upya kwa kipimo hicho.

Hizo hukumu hazimfungi hakimu wa hapa, ila zinakupa hoja. Fanya hivi: mwandikie meneja barua ya adabu, jitolee Jumapili na sikukuu zote (Krismasi wenzako wote wanapanda kwenda Moshi, wewe baki), taja kwamba miaka mitatu mmekwenda hivyo na kazi haikusimama, baki na kopi iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Wakikufukuza una siku 30 tu kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 sio mwezi wa kulia nyumbani, watu wengi wanakuja kwangu baada ya miezi mitatu na inakuwa shida kubwa.

*"Binti yangu hataki kuimba wimbo wa taifa kwa imani yetu, anasimama kimya tu. Mwalimu mkuu amesema nimhamishe." (Baba, Usa River)*

Baba, hii nchi yetu imeshaijibu. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova kule Mbozi walisimamishwa na wengine kufukuzwa shule kwa jambo hilihili, Mahakama Kuu ikawakatalia, wakaenda Mahakama ya Rufani na Julai 2013 wakashinda. Mahakama ya juu kabisa ya Tanzania hiyo, mtajie mwalimu kwa upole, inawezekana hajawahi kuisikia kabisa.

Najua kuna msomaji anasema huyu mtoto hana uzalendo. Nimewaza sana hili, mimi wimbo wetu ukipigwa nasisimka mpaka leo. Lakini angalieni Marekani, 1940 mahakama yao ilisema watoto walazimishwe kusalimu bendera, miaka mitatu baadaye, 1943, vita imepamba moto na wanajeshi wao wanakufa, mahakama ileile ikajigeuka kwenye kesi ya West Virginia ikasema hapana, serikali haina ruhusa ya kumlazimisha mtu atamke asichokiamini. Ingekuwa rahisi kusema sio sasa, tuko vitani, hawakusema. Zambia 1967 walienda kinyume, mtoto wa miaka 11 alikataliwa shule na mahakama ikaikubalia serikali. Mimi nikipima sioni Zambia ilipata uzalendo gani kwa kumnyima mtoto darasa.

Mwambie binti asimame wima, asicheke, asichezee simu wakati wenzake wanaimba. Heshima anayo, wimbo tu ndio haimbi.

*"Mimi Mkristo, mchumba wangu Muislamu, kwao hawataki abadili na kwetu hawataki nibadili. Tunaweza kuoana bila mmoja kubadili?" (Wa Himo)*

Mnaweza, bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina ndoa ya kiserikali, mnatoa taarifa siku 21 kabla, inabandikwa, isipopingwa kwa sababu za kisheria mnafungishwa. Na tushukuru tunayo, Lebanon mpaka leo wapenzi wa dini tofauti wanaotaka ndoa ya kiserikali wanapanda ndege kwenda Cyprus, na Tunisia ilikuwa mpaka 2017 ndio mwanamke Muislamu akaruhusiwa kuolewa na asiye Muislamu bila yeye kubadili.

Kinachonisumbua mimi kwenu sio harusi, ni mirathi. Ugiriki kulikuwa na mjane wa jamii ya Waislamu wachache wa eneo la Thrace, mume alimwachia mali yote kwa wosia wa kiserikali mbele ya mthibitishaji, akafa 2008, mawifi wakaja wakasema sheria ya kiislamu ndio itumike, na mahakama za huko zikawakubalia akapoteza robo tatu. Ikabidi aende mpaka Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Desemba 2018 akashinda, wakasema huwezi kumfunga mtu kwenye sheria ya dini ambayo marehemu mwenyewe hakuichagua. Miaka kumi ya mjane hiyo. Na huku kwetu mtu akifa mahakama inaangalia aliishi vipi, alifuata mila, dini au sheria ya serikali, sasa nyinyi wawili hapo ndugu watavutana kweli. Andikeni majina yote mawili kwenye hati ya kiwanja, na wosia mapema, mkiwa wazima.

*"Msikiti una adhana saa kumi na moja alfajiri, na kanisa jirani keshaaaa mpaka asubuhi. Sheria iko upande gani?" (Asiyelala, Kijenge)*

Upande wa masikio, haijali ni dini gani. Kanuni za kelele ziko chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na zinawahusu wote, baa pia. Saudi Arabia kwenyewe Mei 2021 waliagiza spika za nje za misikiti zisizidi theluthi moja ya sauti, kwa hiyo kuomba spika ipunguzwe sio vita na dini ya mtu. Anza na mzee wa msikiti na mchungaji, ana kwa ana, afu mwenyekiti wa mtaa, malalamiko ya maandishi yaje mwisho.

*"Babu yangu Marangu ana mahali pa kutambikia kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga), mti wa zamani na masale, mmea wetu wa heshima, kuzunguka makaburi. Wajomba waliookoka wanataka kuukata, wanasema ni uchawi, mmoja ametishia kuita polisi. Je, dini ya babu ni dini kisheria, na anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika hapo Arusha?" (Mjukuu)*

Hili limenikaa rohoni mjukuu, nitajibu kirefu kidogo.

Ni dini. Na waliosema hivyo wamekaa hapahapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Waogiek wa msitu wa Mau Kenya, watu kama 20,000 hivi, Oktoba 2009 walipewa siku 30 watoke msituni. Kesi ikafika Arusha, na kwenye upande wa dini serikali ya Kenya ikasema hawa siku hizi ni Wakristo, dini yao ya zamani wameshaiacha. Ndicho wanachosema wajomba zako! Mei 26, 2017 mahakama ikakataa, ikasema sio wote waliobadili, na hata aliyepokea Ukristo haina maana ameacha ibada za asili zote, na kwa watu hao huwezi kutenganisha ibada na ardhi, ukiwatoa msituni umewatoa na kanisani kwao. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika, ya uhuru wa dini, imevunjwa, pamoja na haki zao za ardhi na utamaduni. Juni 2022 ikaamuru Kenya ilipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu. Na Novemba 2023 bado watu walikuwa wanabomolewa nyumba kule Mau, hilo linaniuma kulisema lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu polisi, Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, ya mkoloni, ila hiyo ni ya mtu anayejidai ana nguvu za uchawi, anayetumia au kumiliki vifaa vyake, au anayetishia watu kwa uchawi, babu akimwaga mbege, pombe ya ndizi, chini na kutaja majina ya wazee wake hajamdhuru mtu. Wajomba wana haki yao ya kuokoka na kutoshiriki, asiwalazimishe mtu kuonja hata tone. Haki yao inaishia hapo, haifiki kwenye shoka. Kama kihamba ni cha ukoo kaeni kikao cha ukoo muandike muhtasari kwamba pale hapaguswi wakati babu yu hai, peleka kopi kwa mtendaji wa kijiji, na mti ukitishiwa kweli baraza la ardhi linaweza kuombwa zuio.

Umeuliza pia kama babu anaweza kwenda mwenyewe pale Mahakama ya Afrika, ni mwendo wa basi tu. Zamani angeweza. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko la kuruhusu raia na mashirika kufungua kesi moja kwa moja, kwa hiyo mahakama iko mlangoni kwetu na mlango wa mwananchi wa kawaida umefungwa, natamani kila mbunge wa Kilimanjaro na Arusha aulizwe hilo. Kinachobaki ni Mahakama Kuu, kwa kiapo kinachoonyesha babu mwenyewe ameguswa vipi, au Mahakama ya Afrika Mashariki ambayo bado inapokea raia, ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee, ila hiyo ni kwa matendo ya serikali sio ya wajomba. Nipigie kabla hujasafiri, na umwambie babu namsalimia, akiweza anipigie mwenyewe anieleze ule mti una miaka mingapi, tutauandika kwenye muhtasari.