Ulaya na bibi na wajukuu: punguza miji, uliza lifti

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumzungusha mama wa miaka 70 na watoto wadogo Paris, Brussels, Amsterdam, Roma na Vienna ndani ya siku kumi. Kuweza utaweza, ila mama utamrudisha mgonjwa. Mimi wangu nilimpeleka Aprili 2023, tukiwa sita na watoto watatu. Tulichukua miji hiyo mitatu ya mwanzo tu kwa siku 12, na bado kuna siku aligoma kutoka kitandani.

Viza ya Schengen, ile moja ya kuzungukia nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile unayoingilia. Bima isipungue euro 30,000, na ya mzee itakuwa ghali, usishtuke. Tiketi kata ya kuingilia Paris na kutokea Amsterdam ili msirudi nyuma. Shirika la ndege liombe kiti cha magurudumu saa 48 kabla, ni bure. Mama alifoka kwamba yeye si mlemavu. Kuona foleni ya uhamiaji, akakaa mwenyewe bila kuambiwa.

Kilichotutesa ni ngazi. Amsterdam nilipanga nyumba kwa kuangalia picha tu, kumbe ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zimesimama kama unapanda mnazi. Bibi alipanda kwa kutambaa, mjukuu anamsukuma nyuma, huku anacheka huku ananilaani. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba kwa maandishi: lifti ipo, na inaanzia chini kabisa? Metro ya Paris, treni za chini ya ardhi, nayo vituo vingi havina lifti, isipokuwa laini ya 14. Tukahamia kwenye mabasi. Yanachelewa, lakini mama akawa anauona mji.

Panga kitu kimoja asubuhi, mchana watu walale. Na angalia siku za kufunga: sisi tulifika makumbusho ya Louvre, Paris, Jumanne, siku ambayo hawafungui. Aibu yangu.

Paris hadi Brussels kwa treni ni kama saa moja na nusu. Huko usiache Matonge, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la ule wa Kinshasa. Mama alikuta ndizi za kupika na sombe (kisamvu), akakutana na mama wa Bukavu, Kiswahili kikaanza. Nikawaacha wawili hao, nikawapeleka watoto Atomium, lile jengo la mipira mikubwa ya chuma. Tuliporudi walikuwa wamefika kwenye habari za wakwe.

Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na mkoba auvae mbele, maana vituo vikubwa vya treni vina vibaka kama Kariakoo. Mpakie pia kanga mbili. Wangu alijifunga moja kiunoni ndani ya koti Aprili nzima, hakupata mafua. Sisi wengine wote tulipata.