Emalsheni ya lami imeganda kwa maji ya ziwa: kosa ni la lami?

Swali: Injinia, jambo. Tunatengeneza kipande cha barabara huku Himbi, Goma. Tulipokea mapipa ya emalsheni ya lami, ile yenye chaji chanya. Pipa moja tulilizimua kwa maji ya ziwa: dakika chache tu ikawa vibonge, pompa ikaziba. La pili tulitia maji ya mvua, halikuleta shida. Je, tumeuziwa lami mbovu?

Jibu: Jambo sana, ndugu yangu. Lami yenu ni nzima. Iliyoharibu ni maji.

Emalsheni ni vitone vidogo mno vya lami vinavyoelea majini. Vikikaribiana sana, huvutana na kuungana. Kinachovitenga ni chaji ya umeme iliyo juu yake, kwa kuwa chaji za aina moja husukumana. Kwenu chaji hiyo inatoka kwenye amini, dawa ya kemikali iliyochanganywa humo, nayo hubaki na chaji mradi maji yabaki na asidi. Sasa, maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume) karibu 9, na bikabonati tele, chumvi kama ya magadi. Bikabonati hula asidi (mkiona mapovu, ni kaboni dioksidi inayotoka), amini inapoteza chaji, vitone vinagusana na kushikana.

Chumvi nazo huchangia. Katika chumvi ya kawaida ya milimoli 1 kwa lita (kama gramu 0.06), msukumo hufika kama nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kwa milimoli 100 (kama gramu 6), nanomita 1 tu. Kivu ina takriban gramu 1 ya chumvi kwa lita, kwa hiyo vitone husogeleana zaidi kabla ya kusukumana.

Msikimbilie emalsheni ya chaji hasi mkidhani itapona. Ni kweli lami ina asidi zake za asili, na kwenye maji ya pH ya juu huzipa nyuso zake chaji hasi. Alberta, Kanada, hutegemea jambo hilo kutenga lami na mchanga kwa maji ya moto. Lakini kalsiamu na magnesi, madini yaliyoyeyuka majini, hunasa asidi hizo na kuzima chaji, na Kivu ina magnesi nyingi.

Endeleeni na maji ya mvua. Karibu na volkano ya Nyiragongo mvua mara nyingi huwa na asidi: kwa kunywa ni hatari, kwa kazi hii inafaa. Kwanza jaribuni kwenye ndoo, mpitishe kwenye chujio laini. Mimineni maji polepole ndani ya emalsheni, msimimine emalsheni ndani ya maji. Pipa lililoganda halirudi kwa kukorogwa; litengeni, na pompa muioshe kwa mazuti.