Barua kwa mwanangu: anza na miradi, si watu

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Natumai wewe na watoto hamjambo huko Kisumu. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema mkurugenzi wa fedha anataka upunguze robo ya matumizi ya idara ya kompyuta mwaka huu, na bado miradi yote kumi na mmoja iendelee. Ukaniuliza: "Mama, nianze na watu au na mashine?" Mimi niliongoza idara kama yako hapa Nakuru miaka mingi, na jibu langu ni kwamba usianze na watu wala mashine. Anza na hiyo miradi.

Una watu sita. Miradi kumi na mmoja kwa watu sita ni sawa na kusema hakuna mradi wenye mtu. Bajeti ikishuka, kinachovutia ni kukata kila mahali kidogo kidogo ili pasiwe na mkuu wa idara atakayekuja kulalamika mlangoni kwako. Hapo ndipo pesa hupotea. Mradi ulionyimwa robo ya fedha zake hauishii robo tatu ukafanya kazi. Hubaki nusu, unakula mishahara na leseni za programu, na siku ya kuuzindua haifiki. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na moja! Afadhali miradi minne ikamilike kabisa, na saba isimamishwe rasmi, kwa barua, kila aliyeiomba akijua.

Utachaguaje? Tenga kwanza ile ambayo sheria haikupi hiari. Programu ya mishahara haiwezi kungoja: ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, SHIF, makato ya bima ya afya yaliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na viwango vya NSSF, akiba ya uzeeni, vimekuwa vikipanda kwa awamu tangu 2023. Hesabu ikikosewa, ni mfanyakazi wa ghala anayeumia. Vivyo hivyo eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara akinunua kitu bila ankara ya eTIMS, KRA inaweza kuikataa gharama hiyo anapokokotoa kodi yake. Kwa hivyo wenye maduka mnaowauzia Kakamega na Bungoma wanazitegemea ankara zenu.

Kisha tenga mradi utakaopunguza gharama ndani ya mwaka huu huu. Kwa iliyobaki, mwulize aliyeuomba swali moja: ukisimama miezi sita, nani ataumia, na kwa shilingi ngapi? Asiyeweza kujibu, wake usimame.

Halafu nimeona jambo katika orodha uliyoniandikia. Idara ya mauzo inajenga orodha ya wateja, ghala inajenga yake, na huduma kwa wateja inajenga ya tatu. Mwanangu, hiyo ni data moja inayolipiwa mara tatu! Mwenye duka yule yule atakuwa na majina matatu na namba za simu mbili, na malori yatapeleka mzigo kusikokuwa. Dawa yake si programu mpya. Waite wakuu hao watatu mezani, wakubaliane ni nani mwenye mamlaka ya kusahihisha jina, namba na mahali alipo mteja, na wengine wasome kutoka kwake. Kikao hicho hakina gharama, na kinaweza kukuondolea miradi miwili kwa asubuhi moja.

Leseni ndizo zinakuuma bila wewe kusikia, kwa sababu nyingi hulipwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa kama 129. Leseni mia moja za dola 20 kwa mwezi ni dola 2,000. Kwa bei ya kwanza hizo ni shilingi 320,000, kwa ya pili ni 258,000, na hakuna mtu aliyeongezwa wala kupunguzwa. Usimpe mkurugenzi wa fedha bajeti ya shilingi pekee. Mwonyeshe fungu la dola kando, ili shilingi ikiyumba asidhani ni wewe uliyefuja. Kisha pata kutoka ofisi ya wafanyakazi orodha ya walioondoka, uilinganishe na akaunti zinazolipiwa. Kila kampuni niliyoijua ilikuwa ikiwalipia watu ambao hawako tena.

Kompyuta za zamani nazo, usiagize mpya zote kwa mkupuo. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kuziacha hivyo kwenye mtandao ni hatari. Lakini zile za maghalani zinazotumia kivinjari tu zinaweza kuwekewa Linux, mfumo kama Windows lakini wa bure, zikaendelea. Pesa ya mashine mpya iende kwa wahasibu.

Kuhusu watu, najua mkurugenzi anaona mishahara sita na kuona njia fupi. Mwonyeshe kuwa si fupi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai ilani ya mwezi mmoja au zaidi, siku za likizo zilipwe, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Na baada ya hayo yote, yule kijana anayejua kila waya wa ghala la Bungoma ataondoka na ujuzi wake, nawe utamlipa mshauri wa nje kwa saa ili akisie. Idara iliyobaki na watu wazuri hujenga upya hata mfumo ukianguka. Hili nalisema kwa uzito, maana nimeona idara zikipoteza watu zikabaki na mashine nzuri zisizo na mwenyewe. Kama lazima mtu aondoke, akaunti zake zifungwe siku hiyo hiyo, na kabla ya hapo muda upatikane wa kuandika anachokijua.

Kuna jambo moja ambalo hata ukibanwa vipi usikubali liguswe: nakala za akiba za data, na hasa majaribio ya kuzirejesha. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alifuta data ya hifadhidata kuu kimakosa usiku. Walikuwa na njia tano za kulinda data hiyo, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla. Hao walikuwa kampuni ya wahandisi. Kwa hivyo kila mwezi chagua faili la mauzo au la mishahara, lirejeshe kwenye mashine nyingine, na mhasibu alifungue athibitishe namba. Nakala moja iwe nje ya jengo, isiwe imeunganishwa na mtandao wenu. Huko kwenu radi ni nyingi, na betri za umeme wa dharura zikizeeka hazikuambii. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na wengi waligundua siku hiyo kuwa zao zimechoka.

Data ambayo huihitaji, ifute. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kukaa na taarifa za mtu kupita muda wa kazi uliyozikusanyia, na zikivuja kwa namna ya kumdhuru una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Kwa hivyo nakala za vitambulisho vya madereva walioacha kazi zamani ni gharama ya kuhifadhi na mzigo wa sheria pia.

Ukienda kwenye kikao cha bajeti, peleka ukurasa mmoja: kila unachokata, kiasi kinachookolewa, na kitakachosimama kwa sababu hiyo. Waache wakubwa wachague na watie sahihi. Uamuzi wa kampuni usiubebe peke yako, mwanangu, wewe na wale watu wako sita.

Ile mikataba ya leseni ukiipata, piga picha kurasa zenye tarehe za kulipia upya na masharti ya kupunguza idadi, unitumie. Mingi hudai ilani mapema, na tarehe ikikupita utafungwa mwaka mwingine. Tutaisoma pamoja kwa simu kabla ya kikao.

Ni mimi mama yako anayekupenda.