Re: Saa inasema mazoezi yangu hayana tija
Kaka usiongeze mazoezi kwa hasira. Umesema unapanda hadi Mwandiga kwa baiskeli kila siku na bado saa yako ya Garmin inakwambia mazoezi hayana tija, sasa kwa baiskeli hiyo saa haikadirii VO2 max (kiwango cha juu cha oksijeni mwili unachoweza kutumia, ndicho inachoangalia kusema una tija au huna) bila pawamita, kile kifaa cha kupima nguvu ya kukanyaga, mapigo ya moyo peke yake hayaiambii umekanyaga kwa nguvu gani, kwahiyo inategemea zile siku unazokimbia, na ukikimbia mchana jua la Kigoma mapigo yanapanda kwa mwendo uleule, basi saa inaweza kuona uwezo wako umeshuka. Alafu barabara ya vumbi saa inarukaruka mkononi inasoma ovyo, vaa mkanda wa kifuani wa kupima mapigo aisee, utaona tofauti. Ila ukiamka asubuhi mapigo yako juu kuliko kawaida na usingizi mbovu, hapo isikilize saa, pumzika.